Kamba ya Shoto

Kamba ya shoto huituliza ya kulia.

Jana mlimsikia shangazi yenu Ndinda akilitamka neno hilo mbele ya wakwe. Wazee walicheka mpaka wakafuta machozi, nanyi mkacheka kwa kuwa wenzenu wanacheka. Leo mmekuja kuniuliza limetoka wapi. Vizuri, kuuliza si ujinga. Vuteni hilo gunia, mpukuchue mahindi huku mkisikiliza. Masikio yakiwa kazini hayaizuii mikono. Methali hiyo mwanzo wake ni huu.

Zamani palikuwa na kijiji kiitwacho Itunduni, chini ya jabali lililosimama wima kama ukuta wa nyumba. Kifuani mwa jabali hilo, mahali ambapo hata pimbi hawathubutu kupita, nyuki walikuwa wamejenga tangu enzi ambazo hapana aliyezikumbuka. Asali yao ilikuwa nyeusi na nzito. Kwa asali hiyo watu wa Itunduni walipata mtama kwa watu wa ng'ambo ya mto mvua ilipokosa, na kwa asali hiyo waliposa wake. Mwaka usio na asali vijana hawakuoa, na watoto walilala na uji mwepesi.

Kuifikia asali kulikuwa na njia moja tu: mtu ateremshwe kutoka juu. Aliketi juu ya kigogo kifupi kilichofungwa kamba mbili, moja ikiwa ya kumbeba na ya pili ya kumlinda ile ya kwanza isije ikakatika. Na desturi ilisema hivi: kamba zote mbili ziwe za mkono mmoja. Asizisokote mtu na mwenzake. Wazee waliona kwamba kamba za mikono miwili haziwezi kuwa na nguvu sawa, na mtu anayening'inia hewani hana nafasi ya kujua ipi dhaifu.

Wakati huo mkono huo ulikuwa wa mama mmoja jina lake Kalondu.

Kalondu alijua kamba kama ninyi mnavyojua njia ya kwenda kisimani. Gome la ndani la mbuyu lilitafunwa mpaka likalainika, likachanwa nyuzinyuzi, kisha yeye akaketi, akanyoosha mguu wa kulia, akaviringisha uzi juu ya paja kwa kiganja, kutoka nyongani kwenda gotini. Akafanya hivyo kwa uzi mmoja, akafanya kwa wa pili. Halafu akaziweka nyuzi mbili pamoja, akazivuta kwa kiganja kilekile kurudi nyuma, kutoka gotini mpaka nyongani. Hapo nyuzi zikaumana kama mbwa wawili, zisiachane tena. Wasichana waliokuja kujifunza aliwaambia, "Uzi unasokotwa kwa kwenda, kamba inapotwa kwa kurudi. Ukienda nao na ukaenda nao tena, umefanya kazi ya kuku."

Kamba zake hazikuwahi kukatika. Lakini zilizunguka.

Hilo kila mtu alilijua. Mtu akishateremshwa kimo cha nyumba chache, kigogo kilianza kugeuka polepole, kisha upesi, kamba zikikumbatiana juu ya kichwa chake, mpaka akawa kama pia ya mtoto. Kisha zikaachana na kumzungusha upande wa pili. Watu wa Itunduni walisema jabali linamcheza mgeni wake. Walisema hiyo ni haki ya jabali, na mwanamume akipanda juu akitapika walimpokea kwa vigelegele.

Mwana wa kwanza wa Kalondu, Kilonzo, aliteremka mwaka mmoja wa njaa. Jabali likamcheza. Kizunguzungu kikamshika, mkono ukaukosa mwamba, kigogo kikampeleka kwa mgongo kwenye jiwe lililochomoza. Walimvuta juu akiwa hai, nyonga imevunjika. Tangu siku hiyo alitembea kwa fimbo na kuchunga mbuzi wa karibu na nyumba, yeye aliyekuwa akimpita kila mtu kwa mbio.

Kalondu alizichukua zile kamba, akazipitisha vidoleni tangu mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na uzi uliokatika wala uliolegea. Watu wakamwambia, "Mama Kilonzo, kamba zako hazina kosa." Naye akajibu kwamba ameona. Lakini kila mara aliposikia fimbo ya mwanawe ikigonga kizingiti, alijiuliza swali lilelile, na kamba hazikumjibu.

Miaka ikapita. Zamu ya kuteremka ikamwangukia mwana wa pili, Muthengi. Na mwaka huohuo Muthengi akaoa msichana kutoka ng'ambo ya mto, Syombua, mwembamba, mwenye meno mazuri na maneno machache.

Syombua alikuwa wa shoto.

Lilijulikana siku ya kwanza aliyokaribishwa kwenye kazi ya akina mama. Kalondu alimpa fungu la nyuzi za kamba za kufungia mbuzi asokote, mwenyewe akiwa tayari kuzipota. Msichana akaketi, akanyoosha mguu wa kushoto, akasokota kwa kiganja cha kushoto. Nyuzi zilitoka laini, nyembamba, hazina vinundu. Kalondu akafurahi. Akachukua uzi mmoja wa Syombua na mmoja wake, akaviringisha pamoja. Uzi wake ukakaza. Uzi wa mkaza mwana ukafunguka, ukavimba, ukabaki umetawanyika kama nywele za mtu aliyeamshwa usingizini.

Jirani yao Kavata, ambaye ulimi wake haukuwa na mlango, akapiga makofi. "Jamani! Huyu tumeletewa kusokota au kusokotoa?"

Wanawake wakaangua kicheko. Syombua naye akacheka kidogo. "Nimekuja na mkono niliozaliwa nao, dada. Wa pili ni wa kushikia mtoto."

"Mtoto gani, ukimwogesha si utamgeuza mgongo mbele?"

Kalondu hakucheka. Aliushika ule mkono wa kushoto, akauweka chini taratibu, akaunyanyua wa kulia. "Mwanangu, hapa tunatumia huu."

Syombua akajaribu. Alijaribu siku hiyo na siku nyingi zilizofuata. Uzi wake wa kulia ulikuwa na vinundu kama nyoka aliyemeza mayai. Kalondu alimvumilia, akamwonyesha, akamwonyesha tena. Mwishowe akasema bila hasira, "Wewe utatafuna." Basi wenzake waliposokota, Syombua alitafuna magome. Alitafuna mpaka taya zikamuuma na jioni akashindwa kula. Hakulalamika. Ila Muthengi aliona, na siku moja alimwambia mama yake, "Mama, mke wangu anatafuna kama mbuzi wa Kilonzo."

"Anatafuna kamba utakayoning'inia," Kalondu akamjibu. "Unataka nichanganye nini humo?"

Muthengi akatoka nje. Siku ya asali ilikuwa inakaribia, naye, ingawa hakusema, alikuwa haendi tena kutazama jabali.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo methali inapochipuka.

Jikoni kwa Kalondu kulikuwa na kibuyu kikubwa cha maziwa. Kilining'inizwa darini kwa vikamba viwili, karibu na nguzo, ili paka wasikifikie. Kila kilipojazwa, kibuyu kiligeuka, kikagonga nguzo, kikageuka tena. Ko. Ko. Watu wa nyumba hiyo walikuwa wameizoea sauti hiyo kama mnavyozoea jogoo wa jirani.

Asubuhi moja ya ukungu Kalondu alikuwa akichochea moto, akahisi jikoni pamepungua kitu. Aliangalia vyungu, vyote vilikuwepo. Akaangalia kuku, wote walikuwepo. Kisha akatambua kwamba kilichopungua ni sauti. Kibuyu kilikuwa kimejaa hadi shingoni na kimetulia tuli.

Akakisukuma kwa kidole. Kikageuka kidogo, kikarudi mahali pake, kikasimama.

Akainua macho kwenye vikamba. Kimoja alikijua, kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa kipya. Akasogea mpaka moshi ukamtoa machozi, akaona mikunjo ya kikamba chake ikipanda kuelekea upande mmoja, na mikunjo ya kile kipya ikipanda kuelekea upande wa pili. Vikiwa pamoja vilikuwa kama mapaa mawili ya nyumba yanayokutana juu.

"Syombua!"

Msichana akaingia na kuni mkononi.

"Nani alikifunga hiki?"

Syombua alitazama kibuyu, akatazama chini. "Nisamehe, mama. Cha zamani kilitafunwa na panya jana ulipokuwa kisimani. Niliogopa maziwa yatamwagika."

"Ulikisokota kwa mkono gani?"

"Mkono wangu."

"Nyuzi zote mbili?"

"Zote, mama. Na kupota nilipota mwenyewe. Nikifanya peke yangu toka mwanzo hadi mwisho, hakifunguki." Akangoja aambiwe akikate. Kalondu akakivuta kikamba kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote. Hakikulegea. Akaketi juu ya kinu kama mtu aliyechoka ghafla.

Siku hiyo Kalondu hakwenda shambani. Alichukua kamba zake mbili za jabali, zilizokwisha kukamilika, akazitupia kwenye tawi la mgunga karibu na zizi la mbuzi, akazifunga kwenye jiwe la kusagia. Jiwe likazunguka, kamba zikakumbatiana. Akalifungua. Akamwita Syombua, akampa nyuzi mbichi, akamwambia, "Sokota kamba ya jabali. Kwa mkono wako. Mtu asikuguse."

Ilipokuwa tayari, Kalondu akaifunga pamoja na moja ya zake. Jiwe likaning'inia. Likatikisika kwa upepo. Halikuzunguka.

Kilonzo alikuwa ameegemea fimbo yake penye mlango wa zizi, akiyatazama hayo yote.

"Mama," akasema, "liondoe jiwe. Nikalishe mimi."

"Wewe?"

"Jiwe halijui kusema."

Wakafunga kigogo badala ya jiwe, wakamketisha Kilonzo na mguu wake mbovu, wakamvuta hadi miguu ikaachana na ardhi. Kwanza alishikilia kamba kwa vidole vilivyopauka, macho amefumba. Akangoja. Akangoja tena. Kisha akafumbua jicho moja, halafu la pili, akaona zizi liko palepale, nyumba iko palepale, mama yake yuko palepale mbele yake.

"Nilipokuwa kule chini," akasema, "sikuogopa kukatika. Nilijua kamba ni zako. Niliogopa jinsi zinavyonipeleka, na hapana pa kusema basi."

Kalondu akaipapasa kamba juu ya kichwa cha mwanawe. "Kamba haisahau mkono," akasema polepole, kama anayesoma kitu kwa mbali. "Nimeikaza huku. Ukiitundikia mzigo, inataka kurudi ilikotoka. Nami nikakuwekea mbili, zote zinataka kurudi upande mmoja. Nilidhani nimekupa mlinzi, kumbe nimekupa wa kumsaidia aliyekusukuma." Akautazama mguu wa Kilonzo. "Si jabali, mwanangu. Ni mimi."

Kilonzo alijisukuma kidogo kwa fimbo, kama mtoto kwenye bembea, na kigogo kikaenda mbele na kurudi bila kugeuka.

"Hukujua, mama. Sasa umejua. Na Muthengi bado hajateremka." Kisha akaongeza, "Nisukumeni tena kidogo. Sijacheza miaka mingi."

Siku ya asali kijiji kizima kilikuwa juu ya jabali. Mzee Nguli, msimamizi wa kamba, alizikagua kama ilivyo kawaida. Vidole vyake vilipofika kwenye ya pili vikasimama.

"Kalondu. Hizi si za mkono mmoja."

"Si za mkono mmoja."

"Hii ni ya nani?"

"Ya mkaza mwanangu."

Kavata akashindwa kujizuia. "Yule wa kutafuna? Basi tumemtafuna Muthengi leo!"

Watu wakaguna. Mzee Nguli akaiachia kamba ikaanguka chini. "Mwanamke, jabali lina desturi. Desturi hiyo waliiweka watu waliokufa hapa."

"Waliiweka ili kamba moja isiwe dhaifu kuliko mwenzake," akasema Kalondu. "Basi pimeni udhaifu. Wavutaji mko wengi. Vuteni zote mbili, na itakayokatika itupeni."

Wakavuta, vijana upande huu na vijana upande ule, mpaka visigino vikachimba udongo. Hakuna iliyokatika. Mzee Nguli akajikuna kidevu.

"Nguvu ninaiona. Lakini ni ya shoto. Na likitokea jambo?"

"Jambo lilishatokea, Mzee. Lilitokea kwa kamba mbili za kulia, zenye desturi yote. Mtoto wangu mmoja mlinirudishia nusu yake, mkaniambia kamba hazina kosa. Kosa lilikuwepo. Lilikuwa hapa." Akainua kiganja chake cha kulia, kigumu kama kwato, watu wote wakakiona. "Wa pili simteremshi kwa desturi. Namteremsha kwa kamba. Ukizikataa hizi, mwaka huu tutakula uji mwepesi."

Kilonzo akajikokota kwa fimbo hadi mbele ya mzee. "Mimi nimezikalia, Mzee Nguli. Katika wote waliosimama hapa, ni nani anayejua kuliko mimi kilicho kule chini?"

Mzee Nguli akamtazama yule kijana, akatazama nyonga yake. Kisha akainama, akaiokota ile kamba mwenyewe.

Wakamfunga Muthengi. Syombua alisimama nyuma ya watu wote, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya shuka yake kama kitu cha wizi. Kalondu hakumtazama. Alikuwa ameshika kamba ya Syombua, si yake, naye aliiachia kidogo kidogo pamoja na wavutaji.

Muthengi akazama ukingoni. Kamba zikalia zikisugua ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa juu ya mwamba. Watu wakangoja ile sauti waliyoizoea, maana kila aliyeteremka, alipoanza kuzunguka, alipiga ukelele. Haikuja. Kamba zikaendelea kushuka, bega kwa bega, bila kukumbatiana. Ukimya ukawa mrefu mpaka ukaanza kutisha. Kavata alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Mzee Nguli akalala kifudifudi, akachungulia. "Muthengi! Unazunguka?"

Sauti ikapanda kutoka chini, na ilikuwa sauti ya mtu anayefanya kazi. "Nizunguke niende wapi? Leteni kikapu, nyuki wananiuma bure!"

Kicheko kilichopasuka juu ya jabali siku hiyo, wanasema kilifika ng'ambo ya mto. Kilonzo alicheka huku akilia. Kalondu hakucheka wala hakulia. Aliendelea kushika kamba mpaka mwanawe alipopanda juu kwa miguu yake, na asali ikawa nyingi kuliko mwaka wowote waliokumbuka, kwa kuwa aliyeshuka aliona alichokishika.

Wakati watu wakilamba vidole, Kavata akamwendea Kalondu. Alitaka kutubu, lakini ulimi ukatoka kwa njia yake ya kawaida. "Haya, Mama Kilonzo, tumeona. Lakini niambie kweli, kamba bora ni ipi, yako au ya huyu?"

Kalondu akageuka, akamtafuta mkaza mwana wake kwa macho, akamwita kwa mkono. Akautoa ule mkono wa kushoto ndani ya shuka, akaushika mbele ya watu.

"Yangu ina nguvu," akasema. "Miaka yote ilikuwa na nguvu. Utulivu haikuwa nao. Kamba ya shoto huituliza ya kulia."

Tangu hapo desturi ya Itunduni ikabadilika. Kamba mbili, mikono miwili. Kalondu alikaa na Syombua penye kivuli cha ukuta wa jiko, mmoja amenyoosha mguu wa kulia na mwingine wa kushoto, viganja vikienda na kurudi, na aliyepita aliona kama mtu aliyeketi kando ya kioo. Kutafuna magome walitafuna wote wawili. Ikawa hata posa zikipelekwa ng'ambo ya mto, wazee wakimaliza kuuliza habari za mvua na mifugo, waliongeza kwa sauti ya chini, "Na nyumbani kwenu hapana wa shoto?"

Basi, wajukuu wangu, mnamjua shangazi yenu Ndinda. Akisema, hata kuku huacha kudonoa. Na mume wake mnamjua, yule ambaye mkimwamkia leo, anawaitikia kesho. Jana wakwe walipomuuliza amewezaje kuishi miaka yote hiyo na mtu asiyefanana naye hata kidogo, aliwajibu kwa maneno yale sita. Hakuwatania. Aliwaambia kwa nini nyumba yake haikuwahi kuzunguka.

Kamba ya shoto huituliza ya kulia.